Machozi yananitiririka, halafu naambiwa macho yangu ni makavu

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 49, fundi cherehani hapa Tanga. Nashona tangu nina miaka 17, na sare za shule ndizo zinazoniweka mjini. Ikifika Desemba na Januari nakaa kwenye cherehani toka alfajiri hadi saa nne usiku, feni ikinipuliza usoni kwa sababu ya joto letu hili.

Macho yalianza kunisumbua kama miaka miwili iliyopita. Asubuhi naamka kope zimegandana, pembeni kuna matongotongo. Mchana yananichoma kama nimemwagiwa mchanga. Jioni ndiyo balaa: machozi yanashuka yenyewe hadi yanadondokea kitambaa cha mtu. Kuna mteja aliwahi kunipa pole ya msiba.

Mwaka jana kambi ya macho ilikuja mtaani kwetu. Kijana mmoja akanimulika kidogo akasema, "Mama, macho yako ni makavu." Nilicheka. Makavu vipi, na leso yangu imelowa?

Binti yangu wa kwanza yuko Maskati, huu mwaka wa tano, anafanya kazi za ndani. Tajiri wake, mama mmoja mweupe wa pale, alikuwa anasumbuliwa na macho kama mimi. Akaenda kliniki, akapigwa mwanga usoni mara nne, na sasa anasoma Kurani usiku bila kusugua macho. Binti yangu ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Tangu hapo hana wimbo mwingine: "Mama njoo, viza nitashughulikia, kliniki nimeshauliza." Wanataka riali 400 kwa mara zote nne. Nikizigeuza kwa shilingi zinapita milioni mbili na nusu, na nauli bado.

Dada, hela hizo ni za bati. Nyumba yake iko huku, imefika lenta, na msimamizi ni mimi. Mvua za misimu miwili zimeshaipiga ikiwa wazi. Nimewaza nikope kikoba ili hela yake ibaki palepale, lakini mume wangu hataki kusikia. Yeye anasema ni uzee, nivumilie. Wifi yangu anasema nitiwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Na jirani yangu wa saluni amenitisha kabisa: anasema mashine ya mwanga ya kuondoa vinyweleo ilimbabua mteja wao, na mimi ni mweusi kuliko huyo mteja. Mwanga wenyewe unapigwa machoni! Si nitapofuka?

Kwa sasa najisaidia na dawa ya matone kutoka duka la dawa, ile ya kuondoa wekundu. Kichupa kidogo tu, kimeandikwa neno refu linaloanza na "Dexa". Nikitia, macho yanatulia siku hiyohiyo. Inakaribia mwaka sasa nayo. Vumbi la vitambaa nalo linanipa mafua, kwa hiyo kila usiku nameza piritoni ndipo nilale. Siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano namwita mjukuu.

Jumapili moja tukiongea kwa video, mwanangu alinyamaza, halafu akaniuliza, "Mama, unalia kwa ajili yangu?" Nikamwambia ni macho tu. Hakuniamini. Mara nyingi ni macho kweli.

Nikikataa nitamvunja moyo. Nikikubali nitakuwa nimekula paa lake. Na huo mwanga, dada, ni tiba kweli au ni mambo ya matajiri?

Mama wa Cherehani, Tanga

Mshauri anajibu

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, maana mambo makubwa umeyaficha kwenye sentensi fupi. Umeuliza kuhusu mwanga na bati. Nitafika huko. Lakini kabla ya kuandika hizi safu nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya macho, na macho yangu yaliganda kwenye kile kichupa chako.

Kwa kawaida mimi si mkali kwenye ukurasa huu. Leo nivumilie kidogo. Neno hilo refu karibu bila shaka ni deksamethasoni, nayo ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Inatuliza wekundu haraka, ndiyo maana umeipenda. Ikitumika muda mrefu bila daktari, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo haiumi wala haiwashi. Inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Sisemi yamekupata. Nasema mwaka mzima ni muda mrefu, na hakuna aliyekupima. Kabla ya Maskati, kabla ya bati, wiki hii nenda kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, wakupime presha ya macho, na daktari akuelekeze namna ya kuiacha. Usiibadilishe na nyingine ya dukani.

Sasa tucheke pamoja na yule kijana wa kambi, kwa sababu huenda alikuwa sahihi. Chozi si maji matupu. Chini kuna ute unaolishikilia jichoni, katikati maji, na juu kabisa utando mwembamba wa mafuta. Umeona supu ya kongoro yenye mafuta juu inavyochelewa kupoa? Kazi ya ule utando ni hiyohiyo: kuzuia maji yasipotee hewani. Mafuta hayo yanatoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga kwenye ukingo wa kope, kama 25 hadi 40 kope ya juu na 20 hadi 30 ya chini. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Tezi zikiziba, mafuta yanakuwa mazito kama samli ya asubuhi ya baridi, hayatoki. Maji yanakauka, jicho linachomwa, na ubongo unaagiza machozi ya dharura. Hayo ndiyo yanayodondokea sare za watoto wa watu. Ni mengi lakini hayana mafuta ya kutosha, yanapita kama mvua ya ghafla juu ya udongo mkavu.

Ila kuna ukavu wa aina nyingine, ambapo maji yenyewe ni machache. Na hapa nikuulize: ulipojibiwa "makavu", uliambiwa ni ukavu gani? Kuna vipimo rahisi. Kikaratasi kinapachikwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano, wanasoma kimelowa milimita ngapi. Chini ya 5 ni dalili mbaya. Wanatia rangi ya manjano na kuhesabu sekunde tangu upepese hadi utando wa chozi upasuke. Chini ya 10 ni haraka mno. Kisha wanaminya ukingo wa kope kuona mafuta yanatokaje. Wakati huohuo watazame kama kuna kope zilizogeukia ndani, maana ugonjwa wa vikope (trakoma) bado uko sehemu kadhaa za nchi yetu. Nisemavyo ni kwamba mwanga unaouzungumzia ulitengenezewa zaidi shida ya mafuta. Kama shida yako ni ya maji, riali 400 zitakwenda kugonga mlango usio wake.

Piritoni nayo ina mkono wake. Dawa hiyo hukausha pua, na haiulizi kama uliagiza pua peke yake: hukausha mdomo na macho pia. Umri wako ni ule ambao hedhi inaaga, na homoni zikipungua tezi nazo hupungua nguvu. Halafu feni. Halafu sindano. Mtu wa kawaida hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kitu anashuka hadi mara chache tu, na wewe umekodolea mshono kwa miaka 32. Angalia basi: mume wako anasema uzee, nawe unasema mwanga, na katikati yenu kuna mambo manne au matano yasiyogharimu hata riali moja. Kuhusu kutunga uzi, hilo nadhani halihusiani na ukavu hata kidogo. Miaka 49 ni umri wa miwani ya kusomea. Mwanga wa Maskati hautakurudishia tundu la sindano, na sitaki urudi kutoka huko ukidhani umetapeliwa kwa jambo ambalo hawakuahidi.

Tuje kwenye mwanga wenyewe. Ulianzia kwa madaktari wa ngozi, waliokuwa wakitibu watu weupe wenye mashavu mekundu ya mishipa midogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa macho Rolando Toyos, wa Memphis kule Marekani, akagundua kwamba wagonjwa wa aina hiyo wakipigwa mwanga usoni, macho yao nayo yanapata nafuu. Haupigwi machoni, mdogo wangu. Macho yanafunikwa kwa vikinga maalumu, ngozi inapakwa jeli, na mapigo mafupi ya mwanga mkali yanapita chini ya macho na kwenye mashavu. Inaaminika yanafunga vimishipa vinavyoleta uvimbe kwenye kope na kupasha joto mafuta yaliyoganda. Mara nyingi baada ya hapo daktari anazikamua tezi. Hofu ya upofu ni ya kweli pale tu vikinga vinapokosekana au vinapowekwa vibaya. Kliniki isiyokufunika macho, inuka uondoke.

Hofu ya jirani yako wa saluni, hiyo siipuuzi hata kidogo. Mwanga huu unafuata rangi. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi yenyewe inaunyonya, inapata joto, na mtu anaweza kuungua au kubaki na mabaka meusi au meupe shavuni. Madaktari hupima ngozi kwa ngazi sita, ya kwanza ikiwa nyeupe kabisa na ya sita nyeusi kabisa. Aprili 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha mashine ya kwanza ya namna hii kwa ukavu wa macho, ilitaja ngozi za ngazi ya kwanza hadi ya nne tu. Mimi na wewe tuko ya tano au ya sita. Tajiri wa mwanao alipona, sikatai, lakini alikaa kwenye kiti kile na ngozi yake. Je, binti yako aliuliza kliniki kuhusu ngozi ya mama yake, au aliuliza bei?

Ni tiba kweli? Wengi wanasema wamepata nafuu, na madaktari makini wanaitumia. Lakini mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane, wanaokusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, walipata majaribio matatu tu yaliyofaa, yenye watu 114, wakaona hayatoshi kusema kwa uhakika inasaidia kiasi gani. Yamefanyika mengine baadaye. Mimi naliweka kwenye fungu la mambo yenye matumaini, yanayouzwa kwa uhakika zaidi kuliko yanavyojulikana. Tena mara nne si mwisho. Wagonjwa wengi hurudi baada ya miezi kadhaa kuongezewa. Na kwa kuwa kila mara huachana na nyingine wiki mbili hadi nne, safari yako ni ya mwezi mmoja na nusu hadi karibu mitatu. Viza itatosha? Cherehani atakaa nani?

Kuna mwanga mwingine, mwekundu na mpole, wa taa ndogo zilizopangwa kwenye kinyago unachovaa kwa dakika kama 15. Huo haukimbizani na rangi ya ngozi kama ule wa mapigo, kwa hiyo hutumika hata kwa watu weusi. Ushahidi wake ni mdogo zaidi. Ukiamua kwenda, hilo ni swali la kumuuliza daktari wa kule: mashine yenu ni ya mapigo au ya taa nyekundu, na mmeshatibu ngozi kama yangu mara ngapi? Akikasirikia swali, umeshapata jibu. Mwambie pia kama unapaka krimu za kung'arisha uso, na kama unameza doksisaiklini, kwa sababu dawa hiyo hufanya ngozi iungue kirahisi kwenye mwanga.

Ukibaki Tanga kwanza, njia si ndogo kama inavyoonekana. Maji ya moto ya chupa ya chai, kitambaa safi, macho yamefumbwa. Joto liwe la kuvumilika kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Kitambaa kinapoa baada ya dakika moja au mbili, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Chovya tena, na tena, hadi dakika kumi zitimie. Kisha kwa kidole sukuma taratibu ukingo wa kope, ya juu kushuka, ya chini kupanda, bila kulikandamiza jicho. Asubuhi na jioni, kwa wiki sita au nane, si siku tatu. Yapo machozi ya bandia ya duka la dawa yasiyo na steroidi. Ukihitaji zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi, kwani vihifadhi navyo huchubua. Feni igeuzie miguuni. Wanja wa ndani ya ukingo wa kope uupumzishe, unaziba vitundu vilevile tunavyojaribu kuvizibua. Piritoni muulize daktari mbadala wake. Na maziwa ya mama mnyonyeshaji mwachie mtoto wake. Wifi ana nia njema, ila jicho lililochubuka halihitaji kitu chenye vijidudu.

Nisikudanganye kwamba kungoja hakuna hatari. Tezi iliyoziba muda mrefu hunyauka, na iliyonyauka haifufuki kirahisi, iwe kwa kitambaa cha moto au kwa mashine. Ndiyo maana nasema upimwe sasa, ujue zilizo hai ni ngapi. Ukikuta nyingi zimekufa, mzani wako wa bati na mwanga utabadilika, na sitakushangaa ukipanda ndege. Mkopo wa kikoba ndio unaonipa wasiwasi kuliko yote, si kwa sababu ya macho, bali kwa sababu utaanza kuulipa Januari, msimu wa kukodolea macho usiku kucha, ukiwa na siri na mume wako juu yake.

Sasa ile sentensi moja. "Mara nyingi ni macho kweli." Mara nyingi. Nimeizunguka kwa kalamu.

Mwanao anaona uso wa mama yake kwenye kioo cha simu, Jumapili baada ya Jumapili, na uso huo una machozi. Yuko mbali, hawezi kukupikia wala kukukanda. Alichonacho ni riali. Nashuku anachotaka kununua si tiba ya tezi peke yake. Anataka kununua Jumapili moja ambayo mama halii. Ukimwambia "sitaki hela yako", atasikia "sitaki unisaidie". Ukikubali kimyakimya huku unahesabu bati zinazopungua, atakuona hapo kliniki huna raha na hatajua kwa nini. Lakini hujamwambia kwamba unaihesabu nyumba yake kila mvua inaponyesha, na pengine yeye hajakuambia kwamba nyumba bila mama mwenye kuona haimpi usingizi. Anaweza hata kusema bati zingoje. Anaweza kusema tugawe: sehemu vipimo na miwani huku, iliyobaki ikae. Hela ni yake, nyumba ni yake. Wewe umekuwa ukimwamulia pande zote mbili.

Na zile siku chache ambazo si macho, unaweza kumwambia pia. Kwamba unamkumbuka. Nina hakika kidogo kwamba analijua, maana aliuliza.

Niandikie ukishapimwa, uniambie presha ya macho ilisoma ngapi na mafuta yalitokaje walipominya. Usiache kutaja piritoni. Na kile kichupa, mdogo wangu, daktari atataka kukisoma mwenyewe. Kitie kwenye mkoba leo usiku kabla hujalala.